Nyumba Iliyochorwa kwa Kidole

Radi iliyoua kompyuta yangu ilipiga alasiri, saa ambazo Busia yote huwa inatazama mawingu yakijikusanya upande wa ziwa. Nilikuwa mlangoni mwa ofisi nikiongea na jirani yangu anayeuza viatu vya mitumba, na nilikuwa nimejiambia kwamba nikirudi ndani tu nitachomoa waya ukutani. Sikuwahi. Mwanga na mshindo vilikuja pamoja, stima ikapotea barabara nzima, na ndani ya ofisi nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja njugu kwa meno. Halafu ikaja harufu ya plastiki iliyoungua.

Jirani alinishika mkono. "Usiingie kwanza," alisema. "Ngoja itulie."

Tulingoja, mvua ikatukuta pale pale, na moyoni nilikwisha jua.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nilisomea chuo cha ufundi, nikafanya kazi na mkandarasi mmoja kwa muda, kisha nikapanga chumba hiki kando ya barabara na kuandika kwa rangi ukutani kwamba ramani zinachorwa hapa. Kompyuta ile niliinunua ikiwa imetumika, kubwa, yenye skrini pana ya kuweza kuiweka nyumba nzima mbele ya macho yangu. Kwa miaka yote niliyokaa nayo sikuwahi kufikiri kwamba kazi yangu na mashine ile ni vitu viwili tofauti. Mtu akiniuliza ninafanya nini, nilikuwa nikiielekeza kidole tu.

Asubuhi niliifunga kwa shuka, nikamtafuta mmoja wa wale mabwana wa baiskeli za magurudumu matatu, watu wenye ulemavu wa miguu wanaovusha mizigo ya wafanyabiashara mpakani, akanivushia hadi upande wa Uganda kwa fundi ninayemwamini. Fundi aliifungua, akainusa kabla hata ya kuitazama.

"Pole, nnyabo," alisema, kwa adabu ile ya kwao ya kumwita hivyo kila mwanamke wa heshima. "Ubao wenyewe umeungua. Na diski nayo haisomi."

"Hakuna kitu unaweza kutoa?"

"Nikisema kiko, ningekudanganya."

Ramani nyingi za zamani nilikuwa nimezihifadhi kwenye flashi. Iliyopotea kabisa ilikuwa ile niliyokuwa naimalizia wiki hiyo, nyumba ya mama mmoja wa Malaba aliyetaka kujenga kwao, upande wa Angurai. Mama mwenyewe nilikuwa sijamwona. Binti yake, anayefanya kazi Nairobi, ndiye aliyenipigia simu akaniambia wanataka vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko la ndani, na mteremko mbele badala ya ngazi, kwa sababu mama yake anatumia kiti cha magurudumu. Miaka michache iliyopita lori lililokuwa kwenye foleni ya kuingia Uganda lilirudi nyuma ghafla, likamkuta akiwapelekea madereva chakula. Alikatwa miguu yote miwili.

Nilimpigia binti nikamweleza yaliyonipata. Nilidhani angetafuta mchoraji mwingine, na singemlaumu, maana waashi walikuwa wamekwisha ambiwa waje mvua ikipungua.

"Pole sana," alisema. "Sasa kama hakuna kitu kimebaki, nenda umwone mama mwenyewe. Hata mimi nilikuwa naongea tu kwa simu, sikumuuliza vizuri."

Namshukuru hadi leo kwa maneno hayo. Alikuwa na kila sababu ya kukasirika, lakini badala yake alinipa njia.

Njia nilikuwa nimepata, ila chombo cha kuchorea sikuwa nacho. Dada yangu mkubwa ni muuguzi, anaishi Alupe. Jumapili hiyo alikuja kwangu kutoka kanisani akiwa na mfuko wa viazi vitamu, na juu ya viazi, imefungwa kwa leso, tableti yake. Aliinunua alipokuwa akisomea diploma kwa mtandao huku akiendelea na zamu zake wodini. Masomo yalikuwa yamekwisha, na siku hizo aliitumia kusoma Biblia kwa herufi kubwa na kutazama watu wakipika keki.

"Chukua," alisema. "Ina kalamu yake pia. Kalamu sijawahi kuitoa kwa sanduku."

"Dada, hii haiwezi kazi yangu."

"Umejaribu?"

"Programu ninayotumia haiingii humu. Ni kama uniambie nichimbe msingi kwa kijiko."

"Si uchimbe basi kwa kijiko ukingoja jembe," alijibu, akaenda jikoni kumenya viazi. Hakutaka mjadala zaidi. Ndivyo alivyonilea tangu tukiwa wadogo, anakupa kitu kisha anakugeuzia mgongo ili usipate nafasi ya kukikataa.

Watangazaji wa redio wanaiita kishikwambi. Mimi siku mbili tatu za kwanza nilikuwa naiita majina ambayo dada yangu asingependa kuyasikia. Kiganja changu kikigusa kioo, mstari unatokea mahali sikutaka. Nikiinua mkono ili nisiguse, bega linauma. Nilipata programu ndogo ya kuchorea, inayoweza kunyoosha mstari na kukuonyesha urefu wake, lakini kila nilipotaka kufanya jambo nililolizoea, vidole vyangu vya kushoto vilikuwa vinatafuta vitufe ambavyo havipo. Nilijihisi kama mtu aliyehamishiwa jiko la mtu mwingine, hajui chumvi inakaa wapi.

Hata hivyo nilikuwa nimeahidi. Nikaitia tableti ndani ya mfuko wa mkate isije ikanyeshewa, nikaenda Malaba.

Yule mama alikuwa akiishi nyuma ya barabara ya malori, katika chumba cha kupanga kinachofunguka kwenye ua mwembamba. Alikuwa bado anapika. Alitengenezewa meza fupi ya mbao inayolingana na kiti chake, na juu yake alisukuma chapati huku jiko la makaa likiwa kwenye matofali pembeni, sufuria ya maharagwe ikitokota. Siku hizo madereva walikuwa wakija wenyewe kuchukua chakula. Nilimkuta akimkaripia mmoja aliyetaka kuondoka bila kumaliza chai.

"Yoga," nilimsalimia. Ni salamu ya Kiteso, na karibu ndilo neno pekee la lugha hiyo ninalolitamka vizuri.

Alicheka, akanijibu kwa Kiswahili. "Wewe ni Msamia, nasikia kwa ulimi. Karibu, dada. Binti yangu ameniambia radi imekula nyumba yangu."

"Imekula, mama. Nimekuja tuanze tena."

Alipangusa mikono kwa aproni, na hapo nikaviona vifundo vya vidole vyake. Vilikuwa vimejaa makovu, mengine ya zamani, mengine bado mabichi. Nilidhani ni moto wa jiko.

Nilianza na maswali niliyozoea kuuliza. Vyumba anataka vya ukubwa gani, paa la mabati ya namna gani, jiko liwe na dirisha upande upi. Alijibu yote kwa adabu, jinsi mtu anavyomjibu daktari, na mimi nilikuwa nachora kwa kalamu huku tableti ikiwa mapajani mwangu. Kisha akanyoosha shingo.

"Hiyo unayochora ndiyo nyumba?"

"Ndiyo hii."

"Leta nione."

Ofisini kwangu mteja alikuwa anakaa ng'ambo ya meza. Skrini ilinitazama mimi. Yeye alitazama mgongo wa skrini, na mwishoni nilimgeuzia kidogo ili aseme kama amependa, naye karibu kila mara alisema amependa. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuniomba nimpe nyumba yake aishike.

Nilimpa. Aliiweka juu ya mapaja yake, ikatulia pale kama imepimwa. Nikamwonyesha kwamba kidole kinachora pia.

"Hapa ni kitanda," alisema, akachora kisanduku kilichopinda. "Asubuhi mimi hushuka hapa, naingia kwa kiti. Nageuka hivi." Kidole chake kilikwenda polepole, kikifuata njia anayoijua bila kuitazama. "Naenda hivi. Hapa ndio mimi hukwama." Akairudia sehemu ile mpaka mstari ukawa mnene. "Mlango ni mwembamba. Nikipita, mikono inakwaruza."

Akaniinulia vifundo vya vidole nivitazame vizuri. Havikuwa vimeungua. Ilikuwa miimo ya mlango, kila siku, kwenda na kurudi.

Nikamwomba ruhusa nikapiga picha ya mlango ule kwa tableti, kisha nikamrudishia, naye akachora juu ya picha yenyewe kuonyesha gurudumu linapogusa na mkono unapobanwa. Alifurahia kazi hiyo. Alinipeleka kila mahali. Swichi ya taa ilikuwa juu mno, akaniwashia kwa mwiko wa ugali aliouning'iniza karibu kwa ajili hiyo. Karo ya kuoshea vyombo ilijengwa kwa matofali hadi chini, kwa hiyo kiti hakiingii, analazimika kuosha akiwa amekaa ubavu. Chooni aliweza kuingia lakini hakuweza kugeuka, akawa anatoka kinyumenyume. Yote alinisimulia bila kujionea huruma, kama fundi anayemwonyesha mwenzake mahali kazi ilipoharibika.

Tulipomaliza alinimiminia chai.

"Tangu niumie," alisema, "kila nyumba nimeingia nimebebwa. Kwa ndugu yangu, nabebwa. Kanisani zile ngazi, nabebwa. Watu wanabeba kwa upendo, siwezi kataa. Lakini hii ya kwangu nataka niingie mwenyewe."

Niliandika maneno hayo pembeni mwa mchoro, kwa kalamu ambayo dada yangu hakuwahi kuitoa kwenye sanduku.

Siku chache baadaye tulienda Angurai kwenye kiwanja, yeye, ndugu yake aliyempa sehemu ya shamba la baba yao, mwashi, na mimi. Ndugu yake alikuwa amefyeka nyasi na kushindilia udongo ukawa mgumu, magurudumu yapite. Nilisoma vipimo kwenye tableti, mwashi akapima kwa utepe, ndugu akamwaga jivu kuonyesha kuta zitakapopita. Baada ya muda palikuwa na nyumba ya jivu imelala juu ya ardhi, na yule mama akaizunguka kwa kiti chake, kisha akaingia mahali pa mlango.

Alipita sebuleni. Alikwenda chumbani akageuka, akasimamisha kiti.

"Hapa bado," alisema. "Kitanda kikiwekwa hapa, nitageukia wapi?"

Mwashi alinitazama. Nilichuchumaa kando ya kiti, nikasogeza ukuta kwa kalamu, nikamwonyesha mama, akatikisa kichwa, nikausogeza tena kidogo. Ndugu yake akafuta jivu kwa mguu na kumwaga jipya. Mama akajaribu. Akageuka mzunguko mzima bila kugusa mstari, kisha akageuka tena bila sababu, kwa raha tu, na ndugu yake akaanza kucheka, halafu sote.

Jikoni alibadilisha kila kitu. Nilikuwa nimeliweka nyuma, jinsi majiko mengi yanavyowekwa, yeye akalitaka mbele. "Nimepika miaka yote nikiona watu," alisema. "Sitaenda kujificha nyuma kama niko na deni." Kwa hiyo jiko likahamia mbele, lenye dirisha refu linaloanzia chini, na veranda pana ambapo meza yake fupi ingekaa. Mvua ilianza tukiwa bado tunapima veranda. Niliirudisha tableti kwenye mfuko wa mkate na kuendelea kuchora kupitia plastiki, na ilifanya kazi, si vizuri sana, lakini ilifanya.

Nilirudi Busia siku hiyo nikiwa nimelowa na nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kazini kwa muda mrefu. Nilikuwa na hakika kwamba sihitaji tena kompyuta.

Hakika hiyo ilinitoka upesi. Mchoro wa kumwonyesha mama ni kitu kimoja, na ramani ya kupeleka kwa kaunti ipigwe muhuri ni kitu kingine. Ramani kamili inataka msingi uonekane umekatwa katikati, paa na mbao zake zote, linta za zege juu ya milango na madirisha, mabomba, nyaya, kila kimoja kwenye tabaka lake, na vipimo vinavyokubaliana mpaka mwisho. Programu ndogo ya tableti ilibeba kuta ikachoka. Nilipoongeza paa ilianza kusitasita. Nilipoongeza mabomba ilijifunga yenyewe na kunirudisha mwanzo. Skrini ilikuwa ndogo kiasi kwamba nikikuza jiko sioni chumba, nikipunguza nione nyumba yote sisomi vipimo. Shingo ilikuwa inauma kwa kuinama. Na hata kama ningemaliza, faili yenyewe haikuwa ya aina inayokubalika kule inakokwenda, wala isingeweza kuchapwa kwenye karatasi kubwa bila kuharibika.

Nilijitahidi kwa siku kadhaa kwa ukaidi. Nilikuwa nimeipenda tableti, sikutaka initie aibu.

Aliyenitoa hapo ni mtu ambaye sikumtarajia. Karibu na soko kuna mzee mwenye ofisi ya ramani, aliyeanza kazi hii zamani kuliko mimi, enzi za kuchora kwa wino. Kwa miaka tumekuwa tukigombania wateja walewale. Tulisalimiana barabarani na kupeana njia, hatukuzidi hapo. Asubuhi moja nilipita mbele ya mlango wake, na sijui nilikuwa na sura gani, kwa sababu aliniita.

"Habari ya asubuhi, dada. Nilisikia radi ilikutembelea."

"Ilinitembelea, mzee."

"Na siku zote hizi hujaja hapa."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mimi hufika saa tatu," alisema. "Kabla ya hapo mashine inakaa bure. Nitamwambia mlinzi akufungulie. Programu ni ile ile unayotumia, ila ya kwangu ni ya zamani kidogo."

"Mzee, nitakulipa kwa—"

"Wewe fanya kazi yako," alisema, akavaa miwani na kurudi kwenye kazi yake.

Kwa hiyo kila asubuhi, kukianza tu kupambazuka, nilikaa kwenye kiti cha mshindani wangu. Tableti niliisimamisha kando ya skrini yake kubwa, ikiwa na michoro ya mama na picha zenye alama zake, na kompyuta ikapokea yote hayo ikayapa vipimo vya kweli. Nililia kidogo asubuhi ya kwanza, mistari ilipoanza kukaa mahali pake bila kunibishia. Vitufe vyote vilikuwa pale vidole vyangu vilipovitafuta.

Mzee hakunisumbua. Alipofika niliinuka, tukasalimiana, nikaondoka. Lakini asubuhi moja alikuja mapema akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Huu mlango," alisema hatimaye, "umetoa wapi upana huu?"

Nilimpa tableti. Nikamwonyesha picha ya mlango wa Malaba na alama za kidole juu yake, kisha nikamweleza kuhusu vifundo. Aliketi kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho bila shaka hakuwahi kukikalia katika ofisi yake mwenyewe, akazitazama picha moja baada ya nyingine. Chai yake ilipoa.

"Nimechora zahanati," alisema. "Iko karibu kwenda kwa kaunti. Milango yangu ni ile ya siku zote." Akatazama tena. "Unaweza kuniruhusu nichukue kipimo hiki?"

"Chukua chochote, mzee."

"Na linta ya mlango mpana hivi usiiache nyembamba hivyo. Sogea nikuonyeshe."

Nilisogea. Alinionyesha jinsi ya kuikaza linta na mahali pa kuongeza chuma, na nikajifunza jambo ambalo chuoni tulilipita haraka. Tukachapa ramani kwenye mashine yake kubwa. Alikataa hata kusikia habari ya malipo ya karatasi.

Ramani ilipita. Waashi wakaanza mvua ilipopungua, na nyumba ikainuka pale palipokuwa na jivu.

Siku ya kuingia, binti alikuja kutoka Nairobi, na watu wa kanisa walikuja, na majirani wengi wa Angurai, na madereva wawili waliokuwa wakisubiri zamu mpakani wakaomba pikipiki iwalete. Vijana wanne walisimama karibu na kiti cha mama, kwa mazoea, tayari kuinua. Binti yake aliwaambia kwa sauti ya chini waache. Hawakuelewa mara moja. Mama alishika magurudumu, akapanda mteremko, akafika mlangoni, na watu wote waliokuwa wameziba mlango wakajikuta wanasogea pembeni.

Aliingia. Hakuna aliyemfuata, sijui ni nani aliyetukataza. Tulisimama nje tukimsikia akienda ndani, tairi juu ya saruji mpya, chumba kwa chumba. Taa ya sebule ikawaka. Ikawaka ya chumbani. Kisha tukaliona dirisha la jikoni likifunguka na uso wake ukatokea, mahali pa chini ambapo uso wa mtu aliyekaa unafika.

"Mnasimama nje kwa nini?" alisema. "Ingieni, chai iko."

Dada yangu alikuwa amekuja nami. Alinishika kiuno, na tukaingia pamoja na wengine. Nilipomwamkia mama alinipa mikono yote miwili, nami nikavishika vidole vile.

Sasa nina kompyuta nyingine. Si kubwa kama ile ya kwanza lakini inatosha, na inakaa na waya wake umechomolewa kila mawingu yakianza kupanda. Tableti nilijaribu kuirudisha Alupe. Dada aliniambia amezoea kusoma Biblia kwa simu, jambo ambalo najua si kweli kwa macho yake, kwa hiyo nilimnunulia nyingine. Alilalamika wiki nzima kwamba nimepoteza pesa, kisha akaniuliza jinsi ya kuongeza ukubwa wa herufi.

Vijana wanaotoka chuoni huja kuniuliza kama wanaweza kuanza kazi na tableti peke yake, kwa sababu kompyuta ni mzigo kuinunua. Nawaambia ukweli nilioupata mwenyewe. Ramani ya kupeleka kwa kaunti hawataimaliza humo, wasijidanganye, watafute mtu wa kuwaazima mashine, na mtu huyo anaweza kuwa yule wanayemwogopa. Lakini kompyuta nayo, nawaambia, isingepanda gari na mimi kwenda Malaba ikakae mapajani mwa mama. Miaka yote niliyokuwa na skrini pana nilichora nyumba za watu bila kuwaona wakigeuka ndani yake. Sijui ni ngapi kati ya hizo zina milango inayokwaruza.

Namshukuru dada yangu, na binti aliyenituma kwa mama yake, na mzee wa karibu na soko, ambaye siku za Ijumaa huja ofisini kwangu kujifunza kuchora kwa kalamu juu ya kioo na hulalamika kwamba kinateleza. Namshukuru hata yule fundi wa ng'ambo kwa kutonidanganya kuhusu diski.

Wiki iliyopita walikuja mume na mke kutoka Namboboto, wakulima, wanaotaka kujenga kwenye kilima chao. Niliwawekea tableti mezani, katikati yao, nikawaomba wanionyeshe siku yao inavyokwenda, nani anaamka kwanza, anapita wapi, ng'ombe wako upande gani. Mume aliona haya kugusa kioo. Mke akaweka kidole akaanza, na baada ya muda mume naye akaweka chake, akamwambia hapana, jua la jioni halitoki huko. Walibishana kidogo kuhusu dirisha, wakacheka, wakaendelea. Nilirudisha kiti changu nyuma nikawaacha wachore.